Kikombe Kikubwa Ndani ya Jicho

Jumatatu, 4 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati, na asiyeamini aje anitazame machoni. Kweli kabisa – machoni! Mwaka juzi daktari alinipiga picha ya ndani ya jicho, akakuta mshipa wangu wa kuonea una kikombe kikubwa kuliko cha watu. Wanaita kikombe, ni shimo tu pale mshipa unapoingilia jichoni. Wengine kikombe kikiwa kikubwa hivyo ni ugonjwa, presha ya macho, mtu anapofuka polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Mimi je? Daktari akasema wewe umezaliwa hivyo, ni maumbile yako, nenda kale maisha. Basi. Kuna waliozaliwa na mashamba, kuna waliozaliwa na sura. Mimi nimezaliwa na kikombe!

Hata daftari hili ni bahati. Lilikuja ghalani na makorokoro ya ofisi iliyofungwa. Nikalinadi mara mbili, hakuna aliyelitaka. Mwenye ghala akasema lichukue, linaniudhi. Karatasi nzito, jalada gumu. Shule niliishia darasa la sita, lakini nimetembea miji ambayo waliomaliza chuo wanaiona kwenye ramani. Nimenadi vitanda vya hospitali. Nimenadi viti vya sinema. Niliwahi kunadi lifti – lifti bila jengo! – na ikapata mtu.

Watu wananiita Mwewe. Si kwa pua, kwa macho. Mnadani mtu mzima hanyooshi mkono kama mwanafunzi. Anagusa sikio. Anapandisha nyusi. Mwingine anakohoa. Wanajificha ili jirani asijue nani anapandisha bei. Mimi naokota wote, kulia, kushoto, nyuma ya nguzo. Miaka ishirini na mbili na nyundo mkononi.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya mkosi.

Tulikuwa na kitanda cha mtoto, cha mbao, kizuri, kina magurudumu. Walikipigania watu wawili upande wa kulia, wachuuzi nawajua, kesho wangekiuza tena. Nikawachezesha, wakachoka, mmoja akabaki. Mara ya kwanza – mara ya pili – mara ya tatu, kimekwenda! Nyundo, pa!

Kumbe kushoto yangu, hatua mbili, amesimama mama mjamzito na mkono juu. Akapiga kelele: nimenyoosha mkono mpaka kwapa limekufa ganzi, kwani mimi mzuka?

Nikamwambia samahani mama, uzuri wako umenitia upofu. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akachukua mkoba wake, akatoka ameshika tumbo.

Nyundo ikishapigwa imepigwa. Ndiyo sheria yetu.

Tulipofunga, karani wangu akanijia. Huyu tumefanya naye kazi miaka kumi na moja, ananiandikia mauzo meza ya kushoto, na ulimi wake una pilipili. Akasema Mwewe gani huyu anapitwa na kuku mzima? Nikacheka. Akasema usicheke. Akasema tangu mwezi wa kumi na mbili nikiona mkono upande wangu nagonga meza kwa kalamu, ili ugeuke. Ulidhani nina wazimu?

Nilidhani ana tabia ya kugonga kalamu. Niliwahi hata kumwambia aache, ananipotezea wimbo wangu wa kunadi!

Mwenye ghala naye hakuzunguka. Akasema kapime macho. Bila karatasi ya daktari, Jumamosi ijayo nyundo anashika karani.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani. Sijamwambia mtu.

Dada mkubwa amepiga teke ndoo ya maji pale barazani, maji yote mpaka chumbani. Dada huyu ndiye aliyenilea, mama alipochoka. Tangu afiwe na mumewe anakaa nasi chumba cha nyuma, anafua na kupiga pasi nguo za watu. Nikasema kama kawaida: pisheni, Treni inapita! Jina hilo nilimpa mimi. Anakwenda mbele tu kama amewekewa reli, ndoo, kiti, mtoto, vyote anavikumba. Mke wangu akacheka, watoto wakacheka. Dada alicheka wa mwisho.

Nina jina kwa kila mtu. Ni kipaji.

Jumanne, 12 Machi

Kliniki ya macho. Nimefika saa mbili, nimetoka saa tisa. Nimechekesha benchi zima. Mzee mmoja mwenye bandeji alisema nisiondoke mpaka naye aitwe.

Daktari ni mwanamke, kijana, hana mchezo. Kwanza akapima presha ya jicho. Imepanda, si sana. Halafu mashine ya taa. Unaweka kidevu, unazibwa jicho moja, unakodolea nukta ya njano katikati. Taa ndogo zinawaka pembeni, moja hapa, moja kule, hafifu sana nyingine. Ukiona, bonyeza kitufe.

Jicho la kulia, raha. La kushoto – kimya. Kimya kirefu.

Sasa mimi ukimya siuwezi. Ghalani kukiwa kimya, mnadishaji hasubiri, anaokota bei ukutani. Anamnyooshea kidole mtu asiyekuwepo kule nyuma, anasema nimekuona mzee wangu! – na ukuta umepandisha bei. Kila mnadishaji anafanya, atakayekataa mwongo. Basi vidole vyangu vikaanza vyenyewe. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, bonyeza. Moja, mbili, tatu, bonyeza. Nikanunua taa za ukutani kama nina wazimu.

Daktari akasoma karatasi. Baba, jicho la kushoto umeona taa nyingi ambazo mashine haikuwasha. Nikasema ndiyo macho makali hayo, daktari, yanaona mpaka za kesho! Akaandika: hakiaminiki, kirudiwe. Kipimo, anasema. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale pale.

Halafu picha. Hiyo huwezi kuichekesha. Unatulia, mstari mwekundu unapita, kwisha. Inatoka karatasi yenye duara la rangi. Kijani ni mshipa mnene, njano ni wasiwasi, nyekundu umekonda. Kulia kwangu kijani karibu yote. Kushoto nyekundu chini, njano juu.

Nikamwambia daktari usijisumbue, mimi ni maumbile. Nina kikombe kikubwa cha kuzaliwa. Nilishaambiwa mwaka juzi, tena kwa picha.

Hakunikatalia! Akachukua kikombe chake cha chai pale mezani. Akasema ukubwa wa kikombe peke yake si ugonjwa. Wapo waliozaliwa na mshipa mpana, na kikombe kikatoka kipana. Ninachotazama mimi ni ukingo – akapitisha kidole kuzunguka mdomo wa kikombe. Kipana chenye ukingo mnene pande zote, hicho mtu kazaliwa nacho, atazeeka nacho. Lakini kuna ambacho kilikuwa kidogo, ukingo ukaliwa na kuliwa mpaka kikawa kipana. Ukivitazama kwa haraka vyote ni vikombe vipana.

Nikasema si mashine imeshasema nyekundu? Akasema mashine nayo inadanganyika, inakulinganisha na watu wenye mishipa ya kawaida, na wako si wa kawaida. Anataka mashahidi wawili. Mmoja, ile picha ya zamani, aone kama ukingo umepungua au upo vile vile. Wa pili, ndugu wa damu. Kama ndugu naye ana kikombe kipana na anaona vizuri, basi huenda ni umbo la ukoo.

Akauliza, kuna aliyepofuka kwenu? Nikasema kwetu? Kwetu tunaona mpaka kaburini!

Jumatano, 13 Machi

Picha nimeipata. Ilikuwa chini ya sanduku la suti.

Dada nilimkuta na pasi mkononi. Nikamwambia kesho twende kliniki, wewe ni shahidi wangu. Akasema mimi na mashine za watu wapi na wapi, nina mashati ishirini hapa. Nikasema dakika tano tu dada, wanakupiga picha kama bibi harusi. Ukiwa na kikombe kama changu na unaona vizuri, kesi imekwisha, nyundo yangu inarudi.

Akauliza, na nisipoona vizuri?

Nikacheka. Treni inataka kuona pembeni ya nini, si ina reli?

Akakunja shati, akaliweka, akapapasa kutafuta jingine. Lilikuwa pale kushoto kwake, rundo zima, anaweka mkono huku na huku. Nikalisogeza. Nilidhani anafikiria mambo mengine.

Mkononi ana alama za pasi, nyingi. Sikuwahi kuzihesabu.

Alhamisi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mlango wa daktari ni mpana, unapitisha kitanda. Dada ameugonga kwa bega. Nikafungua mdomo niseme pisheni, Treni – na nikamwona daktari anamtazama. Hakuwa anatazama bega. Alikuwa anatazama jinsi alivyougonga. Nikafunga mdomo.

Daktari akamuuliza, mama, umejigonga? Dada akasema ah, mimi ndivyo nilivyo, hata nyumbani wananiita Treni. Akacheka. Daktari akaniuliza, nani aliyempa jina hilo? Kwa sauti ya kawaida tu. Nikasema watoto.

Wakamweka kwenye mashine ya taa. Nimekaa nyuma yake kwenye stuli. Nasikia mashine inafanya kazi yake, tik, inasogea, tik. Kitufe kimya. Mara moja akabonyeza. Kimya. Tik. Tik. Nimeshuhudia minada isiyo na wanunuzi, mvua kubwa, watu watatu ukumbini, lakini haijawahi kuwa vile. Mkono wangu ulitaka kumbonyezea. Naapa, nilikalia mkono.

Alipotoka akasema mashine yenu mbovu, haiwaki.

Mpiga picha wa kliniki, aliyekuwa kwenye mashine, akamwambia siyo mama, iko sawa.

Daktari akakaa mbele yake karibu, magoti kwa magoti. Nitazame puani, mama, usiondoe macho. Akanyoosha vidole pembeni. Unaona vidole vingapi? Dada akasema nitavionaje, si umeniambia nikutazame wewe? Daktari akasema ndiyo, nitazame mimi, ila niambie upande huu kuna nini. Dada akageuka kunitafuta, akanipata, akasema huyu mtoto ananichezea? Halafu akauliza, taratibu kabisa:

Kwani daktari, kuna watu wanaona wasikotazama?

Mpiga picha akatoka nje. Alisema anafuata karatasi. Karatasi zilikuwa pale pale.

Picha yake ina kikombe kipana kama changu. Damu moja. Lakini ukingo hakuna. Duara lote jekundu, macho yote mawili. Jicho la kushoto limebaki kama tundu la ufunguo. La kulia dirisha dogo katikati, analopigia pasi.

Daktari akamuuliza kuhusu wazazi. Dada akasema mama yetu tulimshika mkono miaka saba, akipapasa kuta. Tulisema ni uzee. Daktari akageuka kunitazama. Mpaka kaburini, nilimwambia juzi.

Kisha zamu yangu. Akaweka picha zangu mbili kwenye kioo, ya mwaka juzi na ya juzi. Kulia ni ile ile. Kushoto ukingo wa chini umekonda, hata mimi wa darasa la sita nimeuona. Akasema umezaliwa na mshipa mpana, ni kweli. Na unaumwa, ni kweli pia. Moja halifukuzi jingine. Wako tumeuwahi, kwa dawa ya matone kila siku utabaki na sehemu kubwa.

Nikauliza, na dada?

Kilichokwenda hakirudi, akasema. Tunalinda kilichobaki.

Nikauliza – sijui kwa nini niliuliza – kama angekuja mwaka juzi? Akasema angekuwa na zaidi ya hiki. Kiasi gani siwezi kukuambia. Akachukua kalamu. Wakati ule walipokupiga picha, hawakukuambia urudi?

Nikasema hapana, walisema maumbile.

Dada alikuwa ananitazama. Alinitazama moja kwa moja, vile anavyotazama yeye.

Ijumaa, 15 Machi

Nimerudia kipimo cha taa. Sikubonyeza hata moja ya ukutani. Kipande kizima kushoto hakuna kitu. Wala si giza! Ningeona giza ningejua. Hakuna kitu, kama kisogoni. Yule mama mjamzito alisimama hapo.

Nimempigia simu karani nimwambie kesho nyundo ni yako. Nilitayarisha utani, nikausahau. Akasema ukirudi nitaipanga meza upya, utaweka ukuta kushoto, wanunuzi wote kulia, tatizo liko wapi? Halafu akasema pole, Mwewe wangu.

Watoto nimewaambia hakuna tena kumwita shangazi yao Treni. Mdogo akauliza kwa nini, si wewe baba ndiye uliyeanza? Mke wangu akamwambia maliza kula.

Jumamosi, 16 Machi

Mnada unaendelea bila mimi. Saa tano hii watakuwa kwenye mafriji. Mimi nipo barazani na chupa mbili za dawa, yangu na ya dada, zinafanana, nimezifunga uzi ili nisikosee.

Asubuhi nimemtia dawa dada. Unainamisha kichwa nyuma, unavuta kope la chini, tone moja. Anapepesa kabla halijafika, kama mtoto. Mara tatu limepita shavuni. Tukacheka. Nikasema dada, jicho lako lina kiburi, halipokei wageni. Akacheka sana, akafuta machozi ya dawa na kanga, akaendelea kufuta.

Akaniambia mimi nilidhani nimezaliwa mzembe. Miaka yote hii. Marehemu mume wangu alikuwa ananigombeza, nikimwaga maji, nikimkanyaga mtoto wa watu. Nikajisemea Mungu ameniumba ovyo ovyo, nifanyeje, nicheke nao. Kumbe ni jicho tu! Akasema hivyo kwa furaha. Kwa furaha, jamani! Kama mtu aliyefutiwa kesi.

Nikatazama chini.

Akasema si kila mtu ana ndugu kama wewe. Pale bombani nimewaambia, ni mdogo wangu aliyenishika mkono akanipeleka, bila yeye ningepofuka sijui hata jina la ugonjwa. Wewe ndiye bahati yangu.

Nikasema ngoja dada, nafuata dawa ya jioni. Saa tano asubuhi! Nikaingia chumbani, nikachukua daftari hili, nikatokea mlango wa mbele. Sasa nipo hapa na yeye yupo uani, nasikia maji yanamwagika kwenye beseni. Ameuliza kwa sauti: yule daktari wako wa mwaka juzi, yule aliyesema maumbile, angenitazama mimi angejua?

Sijamjibu. Anadhani sijasikia.

Yule daktari nakumbuka alivyokuwa. Mzee, mvi, amevaa sandali. Alinisogezea kiti. Hakusema nimezaliwa hivi. Alisema huenda. Huenda ni umbo lako, huenda ndiyo unaanza, picha moja haisemi. Rudi baada ya miezi sita nikupige nyingine tulinganishe, na uje na ndugu zako wa tumbo moja, kwa sababu ugonjwa huu unatembea ndani ya ukoo na haupigi hodi. Aliniuliza una ndugu wangapi? Nikasema mmoja. Akasema basi mlete huyo mmoja, hata kama hajalalamika. Hasa kama hajalalamika.

Nilielewa. Nisisingizie shule ndogo. Nilielewa kila neno. Nikatoka pale nikajisemea nikirudi wataniambia ni ugonjwa, na nisiporudi ni maumbile. Jioni ile ile nikawasimulia hapa nyumbani habari ya kikombe cha bahati, dada akapiga vigelegele. Mwaka ule alikuwa bado anapita mlangoni bila kujigonga. Kujigonga milangoni kulianza mwaka jana, na mimi ndipo nikatunga jina.

Ameuliza tena. Wewe, umelala huko?

Ile bahati niliyoandika Jumatatu ni uongo. Niliambiwa nimlete, sikumleta.